Joto la Shangazi

Vigae vilikuwa vikitoka mdomoni mwa tanuri vikiwa bado na uvuguvugu, vikiteleza juu ya mkanda kimoja baada ya kingine, na kazi ya Shangazi ilikuwa kukigonga kila kimoja kwa nyundo ndogo ya mpira na kusikiliza. Kizima kililia kama kikombe cha udongo. Chenye ufa kilitoa sauti ya mtu anayekohoa kwa adabu, naye alikitupa kwenye toroli lililokuwa ubavuni mwake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu binti yake hajaota meno, na sasa binti huyo alikuwa na mimba changa.

Jina la Shangazi lilikuwa halali kwa mtu mmoja tu pale kiwandani, mtoto wa kaka yake aliyekuwa akiendesha lori. Yeye ndiye aliyeanza kumwita hivyo getini. Walinzi wakalidaka, kantini wakalidaka, mwishowe hata Mkurugenzi, aliyemzidi umri na mvi, akawa akipita kwenye mkanda na kusema, "Shikamoo, Shangazi." Shangazi aliitikia marahaba bila kusita. Alisema mtu akikupa heshima isiyo yako, ukiirudisha unamtia aibu.

Asubuhi moja walikuja mafundi na ngazi, wakaanza kufunga mabomba ya kijani juu ya vichwa vya wachaguzi wa vigae. Aliyewaongoza alikuwa Meneja wa Nishati, mtu mpole, mwembamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Zima kwa sababu hakuweza kupita penye taa inayowaka bure akaiacha. Alizima feni za watu waliokwenda chooni. Aliwahi kuizima redio ya mlinzi, mpira ukiwa umebakiza dakika chache. Hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kukuzimia kitu alikuomba radhi.

Kiwanda kilikuwa kimeamua kuachana na mafuta. Paa lote lilikuwa limefunikwa paneli za sola, mpaka kunguru waliozoea kutua pale wakahamia kiwanda cha sabuni ng'ambo ya barabara. Moshi wa tanuri, uliokuwa ukipanda kwenye dohani na kupotea angani na joto lake lote, sasa ulirudishwa ndani kukaushia vigae vibichi. Wanunuzi wa nje walitaka hivyo. Majirani nao walifaidika: mwanamke aliyeishi nyuma ya dohani alianika mashuka meupe kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na jioni akayaanua yakiwa bado meupe. Watu walisema hilo ni jambo jema, na kweli lilikuwa jema.

"Na haya ni ya nini?" Shangazi aliuliza, akiyaonyesha mabomba kwa nyundo yake.

"Ya kurejesha joto linalopotea, Shangazi."

"Hapa limebaki joto gani? Tanuri umeshalivisha koti zima."

"Lipo kidogo. Haba na haba, Shangazi."

"Hujaza kibaba," Shangazi alijibu, kwa kuwa ndivyo methali hiyo inavyoitikiwa. Kibaba cha nani, hakuna aliyeuliza.

Mwanzoni watu walishukuru. Mahali pale palikuwa pakiunguza. Jasho lilikuwa likidondokea vigae na kuviachia madoa. Sasa palikuwa na ubaridi kama wa uani baada ya mvua. Wachaguzi wakaanza kuimba wakiwa kazini. Mmoja wao, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, alisema angejua mapema angeomba mabomba hayo hata nyumbani kwake.

Kisha chai ikaanza kupoa. Wakampa lawama mpishi wa kantini, naye akachemsha maji mbele ya macho yao, yakatokota. Bado kikombe kilipotoka mkononi mwake kikaingia mkononi mwa mchaguzi kiliacha kutoa mvuke, kama mtu aliyekatizwa maneno. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda akampima Shangazi kwapani. Zebaki haikupanda. Akakikung'uta kipima joto, akampima nacho mgonjwa aliyekuwa mlangoni, ikapanda vizuri. Basi akaamua kwamba kipima joto ni kizima na Shangazi naye ni mzima, ila hawapatani.

Nyumbani hali hiyo ilikuwa na faida zake. Samli iliganda akilishika kopo. Jirani wa mkono wa kulia, ambaye friji yake ilikuwa imekufa, akaanza kumletea chupa za maji azikumbatie wakati wa taarifa ya habari, na alipozifuata alizikuta zinatoa jasho. Aliacha nyanya mbili tatu za shukrani, na siku moja aliuliza kwa staha kama Shangazi angeweza kuwa anakaa karibu na maziwa.

Mume wake alikuwa kinyozi, tena mtu wa maneno, maana kinyozi bubu wateja humkimbia. Alivumilia kwa muda. Halafu asubuhi moja, akijifunga mkanda wa suruali, akasema, "Mke wangu, nikuulize bila ugomvi. Mimi nilioa mke au nilioa mtungi?"

"Wakati wa joto ulisema afadhali."

"Nilisema afadhali. Sikusema daima."

Akaenda sokoni akanunua blanketi la pili, akawa analilaza katikati yao kama mpaka wa nchi mbili zinazoelewana.

Mambo yaliwekwa wazi kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, uwanjani, mbele ya maghala. Bwana Zima alipanda juu ya kichanja cha mbao akaeleza bila kuficha chochote. Mtu aliyesimama, alisema, anatoa joto kama balbu moja kubwa ya zamani. Kiwanda kilikuwa na mamia ya balbu hizo, zikiwaka tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyekuwa akizizima wala kuzitumia. Mabomba ya kijani yalikuwa yakilikusanya joto hilo na kulirudisha tanurini. Vipimo vilionyesha matokeo mazuri kuliko walivyotazamia.

"Makaa yakiungua yamekwisha," alisema. "Mafuta yakiungua yamekwisha. Lakini mfanyakazi anakwenda nyumbani, anakula, analala, na kesho anarudi na joto jipya. Hiyo ndiyo maana ya nishati jadidifu. Ndugu zangu, kuanzia leo mmetambuliwa."

Watu wakapiga makofi, wengi wao kwa kutaka kupasha viganja. Kila mmoja alipewa sweta la kijani lenye nembo ya kiwanda kifuani na neno JADIDIFU mgongoni. Jua siku hiyo lilikuwa la kupasua kichwa. Walitoka getini wakiwa wamezivuta kola mpaka masikioni, na kuanzia hapo mtaani walijulikana kwa hilo: ukiona mtu amejikunyata ndani ya sweta saa saba mchana, huyo anatoka kwenye vigae.

Si kwamba hawakulalamika. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na mwenyekiti, fundi mitambo wa laini ya pili, ambaye kila mtu alimwita Petroli kwa jinsi alivyowaka upesi. Hasira za Petroli zilikuwa mali ya wote. Vyoo vya wanawake vilijengwa kwa kelele yake moja, na likizo ya uzazi ilirudishwa baada ya yeye kupiga ngumi mezani mara mbili tu. Akasema suala la joto atalimaliza yeye, akamchukua Shangazi awe shahidi, wakapanda ngazi mpaka chumba cha mikutano. Mabomba yalikuwa yamepitishwa na huko pia, nyuma ya mapazia, kwa usawa.

Mkurugenzi aliwakaribisha viti. Petroli hakukaa.

"Ndugu Mkurugenzi, nitasema mara moja tu," alianza, na mshipa wa shingo ukasimama. "Mlichukua jasho letu tukanyamaza, kwa sababu jasho ndilo tuliloajiriwa kulitoa. Sasa mnaingia mpaka ndani ya ngozi. Mtu anarudi kwa mke wake kama samaki wa bucha. Nasema hivi, na nisikilizwe vizuri—"

Taa za darini zikaongeza mwanga. Birika la umeme lililokuwa pembeni, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuchemka. Mashine ya kuchapia ikaamka yenyewe na kutoa karatasi nyeupe moja baada ya nyingine. Petroli alibaki kinywa wazi, akilitafuta neno lililokuwa njiani. Mshipa wa shingo ukalala. Akavuta kiti akakaa.

"Samahani," alisema. "Nilikuwa nazungumzia nini?"

"Joto," Shangazi alimkumbusha.

"Ndiyo, joto." Akatazama huku na huku. "Lakini chumba chenu kizuri. Kina madirisha makubwa."

Mkurugenzi akamimina chai kutoka lile birika akawapa wote, akazungusha sukari. Walizungumza kuhusu mvua. Wakati wa kuteremka ngazi Shangazi alimshika Petroli mkono akamuuliza kama anajisikia vizuri, naye akasema hajawahi kujisikia vizuri namna hiyo, na kwamba hata hakumbuki kwa nini miaka yote alikuwa akijisumbua.

Haikuchukua muda vipimo vikaonyesha kwamba Petroli peke yake alikuwa na nguvu za kitengo kizima. Mashine yake ikasogezwa karibu na bomba kuu. Kila asubuhi karani mmoja alipita na kumwambia kwamba likizo yake imeahirishwa tena, na laini ya pili ikaenda kwa habari hiyo mpaka mchana. Bwana Zima alijivuna kwamba kiwanda kimeacha kabisa mafuta. Wafanyakazi wakawa wanatania kwamba kimeacha dizeli kikabaki na Petroli, lakini utani huo haukuwa na moto wowote ndani yake, na wao wenyewe waliliona hilo. Mke wa Petroli alikuja ofisini kushukuru. Miezi michache baadaye alikuja tena kuomba warudishiwe kidogo, hata cha kutumia nyumbani tu, maana kuku wa jirani sasa walikuwa wakiingia sebuleni na mume wake anawapisha kiti.

Katika kipindi hicho binti ya Shangazi alikuja kujifungulia kwa mama yake. Akapata mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Shangazi alikuwa amemngoja mjukuu huyo kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa ameshona vishuka kwa mkono, ameficha sabuni isiyo na manukato nyuma ya kabati, na kiwandani, akigonga vigae, alikuwa akijifunza upya nyimbo za kubembeleza alizozisahau.

"Mume wangu amefika," alisema, akinyoosha mikono.

"Basi tumekuwa wawili," mume wake alisema akiwa mlangoni. "Na mwenzangu hana hata unywele mmoja. Mimi kazi sina."

Binti akamweka mtoto mikononi mwa mama yake. Mtoto akakunja uso, midomo ikabadilika rangi, akalia mpaka sauti ikakatika, halafu akaanza kwikwi. Binti alingoja kidogo kwa heshima. Kisha akamchukua.

"Si wewe, Mama. Ni baridi tu."

"Baridi ndiyo mimi," Shangazi alisema.

Walijaribu njia zote ambazo familia inaweza kuzijaribu. Alikaa na mikono juu ya jiko la mkaa mpaka kucha zikanuka. Alikumbatia chupa ya maji ya moto, nayo ikawa ya baridi, jirani akaja akaichukua. Alivaa glovu za sufu, lakini mtoto aliujua ubaridi hata ukiwa umejifunika. Joto lilimwingia Shangazi na kumtoka kama maji kwenye kikapu. Mwishowe alijiwekea kazi ya kufua nepi na kusimama mlangoni wakati mtoto akiogeshwa, akitoa maelekezo. "Shika shingo. Si hivyo, chini kidogo." Binti alifuata maelekezo. Mume wake kinyozi, ambaye katika malezi ya binti yao hakuwahi kumwogesha mtoto hata siku moja, sasa ndiye aliyelala na mjukuu kifuani mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Shangazi alimwonea wivu.

"Acha kazi, Mama," binti alimwambia siku moja.

"Nikiacha itasaidia nini? Mzee wa tanuri aliacha. Mpaka leo wanamwanika kibarazani kama godoro."

Hilo lilikuwa kweli. Mzee huyo alikuwa amestaafu mabomba yalipoanza tu kufanya kazi, na kila asubuhi wanawe walimtoa nje juani, wakamgeuza saa sita, wakamrudisha ndani jioni, na bado aliwaambia anasikia upepo.

Shangazi akaenda kumwona Bwana Zima. Alimkuta ofisini, gizani, taa ikiwa imezimwa kwa sababu alikuwa peke yake. Alipomwona mgeni aliiwasha.

"Ulisema tunalala tunaamka na joto jipya," Shangazi alisema.

"Kwa makadirio, Shangazi."

"Mimi naamka vilevile nilivyolala."

Bwana Zima akageukia kompyuta yake, akatazama kwa makini. "Lakini bado unatoa. Hapa inaonyesha. Leo asubuhi umetoa vizuri sana."

"Natoa la wapi, na mimi sina?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "La mbele, nadhani," alisema. "La miaka inayokuja."

Nje mkanda ulikuwa ukizunguka na vigae vikigongana. "Nina mjukuu," Shangazi alisema. "Nataka langu."

"Joto halina jina, Shangazi. Likishaingia bombani ni la kiwanda. Limekwenda tanurini, limeingia kwenye vigae, na vigae vimepakiwa."

"Vimepelekwa wapi?"

Akamwambia. Ni lile jengo jipya la maduka katikati ya mji. Walivichukua vigae hivyo kwa sababu ya cheti cha mazingira, na walilipamba lango lao kwa picha ya jani. Bwana Zima akasimama kumsindikiza, akampa mkono. Ulikuwa wa baridi kuupita wake, mpaka Shangazi akashtuka kidogo.

"Bomba la kwanza nilijifungia mwenyewe, humu ofisini," Bwana Zima alisema. "Niliona si haki kuanza na watu." Akauzungusha ufunguo kidoleni. "Mbwa wangu amehamia kwa jirani." Walipotoka tu, alizima taa.

Siku yake ya mapumziko Shangazi akavaa sweta, akamchukua binti na mtoto, wakaenda kwenye jengo la maduka. Walisema wanakwenda kutafuta soksi za mtoto. Ndani palikuwa na kelele kubwa kutoka darini. Fundi mmoja alikuwa juu ya ngazi akifunga kiyoyozi kingine pembeni ya viyoyozi vilivyokuwepo, na alimweleza mtu wa usafi kwamba sakafu ya jengo hili ina homa. Inatoa joto usiku na mchana, hakuna anayejua linakotoka, na kila wakiongeza mashine za baridi hazitoshi. Nyuma ya jengo, majenereta ya dizeli yalikuwa yakinguruma kuziendesha mashine hizo. Moshi wake ulipanda moja kwa moja juu, na hapakuwa na mtu wa kuurejesha.

Shangazi akavua kandambili. Akatembea polepole, nyayo zikisoma sakafu. Karibu na mlango alikanyaga kigae kilichomtekenya, akakitambua: kilikuwa cha yule mwenzake mwenye kicheko kikubwa, ambaye siku hizi hakucheka. Mbele kidogo kulikuwa na homa ya mtu aliyewahi kuja kazini akiwa na malaria. Alipita duka la simu, akapita duka la vipodozi, na chini ya ngazi za umeme, mbele ya duka la viatu, akasimama. Alikijua kama mtu anavyolijua shati lake kwenye kamba ya nguo za wengi. Akakaa chini.

Joto lilianza kwenye mapaja likapanda mgongoni. Liliwasili na mambo yake: uchovu wa Ijumaa moja, nyimbo za kubembeleza zisizokamilika, hasira ndogo dhidi ya wifi yake ambayo alidhani ameisahau. Masikio yalipopata moto alinyoosha mikono, na binti akampa mtoto. Mtoto akakunja uso kwa mazoea. Kisha akaukunjua, akatafuta nafasi kwenye kiwiko cha bibi yake, akalala. Binti aligeuka akatazama viatu dirishani kwa muda mrefu, ingawa vyote vilikuwa vya kiume.

Mlinzi akaja. "Mama, hapa hawakai watu."

"Sijakaa kwenye sakafu yenu, mwanangu. Nimekaa kwenye joto langu."

Mlinzi akainama akagusa kigae, akagusa mkono wa Shangazi, akalinganisha. "Ngoja nikaulize," alisema. Akaenda kuuliza, akarudi, akasema wakubwa wanaomba asogee kidogo ili wateja wa viatu wapite. Akasogea.

Habari haifungwi kamba. Mapumziko yaliyofuata walikuja wachaguzi wote, masweta mwilini, viatu mikononi, wakitembea kimya kati ya maduka kama watu wanaotafuta funguo zilizoanguka. Aliyepata alikaa. Mzee wa tanuri aliletwa na wanawe kwa mkokoteni, wakamlaza kifudifudi mbele ya benki, na baada ya saa moja alisema kwamba upepo umetulia. Mwanamke mwenye kicheko alipatikana karibu na mlango, akicheka peke yake, taratibu, kama anayehofia kukimaliza. Bwana Zima alikuja pia, peke yake, akazunguka muda mrefu. Kigae chake hakikuonekana. Pengine kilikuwa chini ya kaunta ya duka fulani.

Petroli ndiye aliyechelewa kupata chake. Kilikuwa pembeni, kwenye ujia wa kwenda vyooni. Alipokikanyaga tu mshipa wa shingo ukasimama, akaanza kusema pale pale alipokuwa ameishia kwenye chumba cha mikutano, neno kwa neno, na akaendelea. Alisema yote. Alimtaja Mkurugenzi, akamtaja karani wa likizo, akayataja mabomba, akasema siku moja wafanyakazi watakuja kupimwa hata ndoto, na ukuta wa vigae uliokuwa mbele yake ulimsikiliza. Watu waliokuwa wakienda chooni walimpita kwa upande. Alipomaliza akatoka kwenye kile kigae, akawaamkia wote mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani.

Jumatatu waliingia kazini wakiwa na rangi mashavuni, na Bwana Zima akaona vipimo vimepanda kwa namna ambayo havijawahi kupanda. Mpaka kufikia saa sita mabomba yalikuwa yameshavuta kila kitu, chai ikapoa kama kawaida, lakini asubuhi ile tanuri lilikwenda bila kugusa chanzo kingine chochote. Alitafuta sababu, akaipata, akampelekea Mkurugenzi. Kiwanda na jengo la maduka vikaandikiana. Viyoyozi vingepumzika kwa saa kadhaa kila Jumapili asubuhi kabla ya maduka kufunguliwa, kwa kuwa watu wangekuwa wakilipunguza joto la sakafu bure. Na kiwanda kingepata wafanyakazi waliojaa. Basi la kijani likawekwa. Mlinzi akafunga kamba kuonyesha wenye joto lao wakae upande gani. Bwana Zima alisema mzunguko sasa umekamilika, hakuna kinachopotea tena, na mwaka huo kiwanda kilipewa tuzo, ambayo iliwekwa kwenye kabati la kioo ghorofani. Petroli aliombwa aseme neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi. Alisema vizuri, kwa kifupi.

Shangazi hakulikosa basi hata Jumapili moja. Binti, aliyekuwa amesharudi kwake, alikuja na mtoto moja kwa moja wakakutana pale. Kwa hiyo mtoto alikua akimjua bibi wa aina hiyo: mahali fulani palipong'aa, mbele ya viatu, mara moja kwa wiki. Siku za kazi mtoto alipomtembelea bibi nyumbani alikubali kumpungia mkono kutoka mbali, na akitaka kitu cha baridi alimletea kikombe akishike.

Alianza kutembea mapema, kwa pupa, kama watoto wazito wanavyofanya wakigundua kwamba miguu inawachukua. Jumapili moja basi lilichelewa. Shangazi alipoingia, binti yake alikuwa ameshafika, na mtoto alikuwa amemponyoka, anakimbia katikati ya maduka yaliyofungwa, akiyumba huku na huku. Hakugeuka kutazama mlangoni. Alipita duka la simu, akapita duka la vipodozi, akafika chini ya ngazi za umeme zilizosimama, akapiga magoti, akalala kifudifudi, akaweka shavu kwenye kigae na kukipapasa kwa kiganja.

"Bibi," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza, na alilisema vizuri, bila kuling'ata.

Binti akatazama pembeni. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao, kandambili mkononi, sweta limefungwa mpaka juu.

"Naam, mume wangu," aliitikia.

Mtoto hakuinua uso. Shangazi akasubiri asogee kidogo, apate pa kukaa.